Mnandi katika Shimo la Mama Béata

Jumanne, 10 Juni

Nimempata! Mnandi, ndege mzamiaji wa ziwani, mzima, mweusi, shingo ndefu, hajavunjika hata kidole. Alinaswa katika wavu wa sambaza, vile visamaki vya ziwani, huko Kituku akafa maji. Papa Josias, mvuvi ninayemsumbua tangu Pasaka, kanipigia simu: kuja mbio, mama wa mandege, kabla paka haijamukula. Nimekwenda na ndala miguuni. Nimerudi juu ya pikipiki na sashe nyeusi ya plastiki mapajani, mwenye pikipiki akilalamika njia nzima kuhusu harufu. Harufu gani? Ya ziwa tu!

Niandike kwa nini nina furaha, maana kesho nitakuwa nimeshasahau. Mémoire yangu ya kumaliza chuo, nitakayoitetea mbele ya juri ya walimu, ni juu ya pengwini wa kale: jinsi ndege aliyekuwa akiruka angani alivyogeuka kuwa mpiga mbizi. Mifupa yao imetolewa ndani ya mawe huko Nyuzilandi, na mimi ninayo kwenye picha. Picha tu. Profesa Mulumeoderhwa, anayeniongoza, alisema picha hazitetei mtu. Niende Kituku nitafute mpiga mbizi wa hapa kwetu, nimsafishe, nipange mifupa yake mezani ili juri iishike na kulinganisha. Bila hivyo nisijisumbue kuja.

Kutetea ni Jumatatu tarehe 23. Imeshaahirishwa mara mbili: kwanza profesa aliugua, halafu vita vikaingia mjini. Mmoja wa juri anatoka Bukavu kwa boti na hapendi maji. Nikikosa safari hii, sijui tena ni lini. Nina miaka ishirini na tisa. Niliosoma nao wanapeleka watoto shule.

Tulia, Kasoki. Una mnandi.

Jumatano, 11 Juni

Vita kiwanjani! Nilimtia mnandi katika sufuria mbovu juu ya mbabula, jiko la makaa, nimchemshe mpaka nyama iachie mfupa. Haikuchukua muda. Wapangaji wote nje, vitenge puani. Mama Béata, mwenye nyumba, akatoka na mwiko mkononi.

"Kasoki, sha, unapika nini?"

"Ndege, mama."

"Ya kula?"

"Ya kusoma."

Alinitazama kama mtu anayetafuta homa usoni mwa mtoto. Kisha: "Toa iyo kintu ku mbabula yangu. Leo, haiko kesho."

Nimetoa. Na profesa naye kaandika kwenye simu kwamba nisichemshe hata kidogo, vifupa vidogo vitapasuka na mafuta yataingia ndani. Angesema jana! Wadudu ndio wanaosafisha vizuri, anasema. Nimzike, nisubiri.

Nizike wapi? Kwetu Butembo ningechukua jembe na kumaliza. Hapa Goma, mtaa wa Kyeshero, ni lava ya volkano juu, lava chini, jembe linalia ting! na mkono ndio unaoumia.

Lakini nyuma ya nyumba kuna shimo! Choo cha zamani kimejaa, siku hizi tunaomba kwa jirani kama wageni, ndiyo maana Mama Béata anachimbisha kingine. Mchimbaji ni Havugimana, kijana wa Rutshuru, mabega mapana, maneno mengi. Jiwe la hapa linapashwa moto kwanza, likishapata joto ndipo linapigwa nyundo na tindo, linapasuka. Ameshafika chini mara mbili ya urefu wake. Ila sasa kazi imesimama, kwa sababu moto unakataa. Anashusha karai la makala, yale makaa ya kupikia, kwa kamba, linakwenda jekundu, likifika chini linazimika. Yeye anasema makala yana maji. Mama Béata anasema Havugimana ndiye mwenye maji kichwani. Wanangoja makala mazuri kutoka Masisi.

Shimo lisilo na kazi. Mbwa hafiki, sisimizi wanafika, nzi wanafika. Nimeomba ruhusa. Mama Béata kakubali, mradi harufu ikae huko huko.

Alhamisi, 12 Juni

Nimemshusha asubuhi. Nilimfungia katika vifuniko viwili vya feni mbovu, nikavibana kwa waya vikawa kama kikapu, kamba juu, na kiganja cha sisimizi pamoja naye ili wasichelewe kuanza. Havugimana kanishikia kamba. Hana kazi, kaja kuketi tu. Anasema siku ya mwisho aliyopiga tindo, jiwe la chini lilipasuka mstari mrefu, akafurahi, kisha kichwa kikaanza kumgonga akapanda juu akatapika. Njaa, anasema. Hakuwa amekula.

Akauliza ninamtakia nini ndege wa watu. Nimeokota jiwe la lava, lile lenye vitundu vitundu, nikamwekea katika mkono mmoja. Katika mkono wa pili nikamwekea jiwe la mto ambalo Mama Béata ananolea visu. Nikamwambia: mfupa wa ndege anayeruka ni huu wenye vitundu, mwepesi. Mfupa wa pengwini ni huu wa kunolea, umejaa. Maji yanamtupa juu kila mwenye hewa ndani, kwa hiyo yeye aliijaza mifupa. Na bawa likawa bapa, kiwiko kikakaza, likawa kafi.

Akapima mawe, huku na huku.

"Na kuruka?"

"Aliacha."

"Aah. Basi bamemudanganya. Miye ningebaki na bawa."

Nimecheka. Nimemwambia alipata bahari nzima. Akasema bahari iko na chumvi. Halafu akaanza kujisifu: zamani, injini ya boti ikianguka majini pale Kituku, yeye ndiye aliyekuwa akizama kuifunga kamba. Pumzi yake ndefu, anasema, watu walikuwa wanaanza kumlilia na yeye bado yuko chini anachagua.

Mwongo mzuri. Ninampenda bure.

Jumamosi, 14 Juni

Siwezi kukaa. Ninasoma mstari, ninasimama. Nimefua vitu visivyo na uchafu. Nimekwenda kuchungulia shimo mpaka Mama Béata kaniuliza kama nimeangusha pete.

Nimeandika upya sehemu ya bega. Waimanu — pengwini mkongwe kabisa kati ya wale ninaowaandika, miaka kama milioni sitini — tayari hakuwa akiruka. Hilo ndilo linalonikera. Namtaka yule wa kabla yake! Yule wa katikati, ambaye bawa lake lilikuwa refu mno kwa maji na fupi mno kwa hewa, aliyepigapiga juu ya mawimbi kama mwendawazimu, mzito angani, mzito majini. Mfupa wake hakuna aliyeuona. Mnandi wangu mjanja, alikwepa shida yote: majini anasukuma kwa miguu, bawa kaliweka kwa ajili ya anga. Ndiyo maana namtaka mezani. Juri ishike bega lake jepesi na goti lake nene, kisha itazame picha ya pengwini, ielewe bila mimi kusema.

Mama kapiga simu kutoka Butembo. Alitaka kuja kutetea kwangu, lakini kupitia Rutshuru haiwezekani kwa ajili ya vita na kuzungukia Uganda magoti yake hayataki. Kaniuliza tena huyo ndege anaitwaje. Kamwambia jirani kwamba mtoto wake anasomea bata.

Sikumsahihisha. Bata ni sawa.

Jumatatu, 16 Juni

Ni nini hiki?

Nimemvuta mnandi juu leo. Nilitegemea nusu ya mifupa iwe nje. Nyama yote iko! Imelegea, imebadilika rangi, inanuka, lakini hakuna aliyeigusa. Hakuna funza hata mmoja. Sisimizi wangu wote wamekufa, wamejikunja katika waya kama majani ya chai. Na nzi. Nzi waliokufa juu ya nyama! Nzi anakufaje juu ya chakula chake?

Nikajua papo hapo: Mama Béata kamwaga dawa ya mende. Nimekwenda mlangoni kwake nikiwa nimewaka. Nimesema maneno. Akanisikiliza mpaka mwisho, mikono imejaa unga, kisha akasema dawa ya mende ni ghali, na kama angekuwa nayo angeanzia chumbani kwangu.

Wapangaji wamecheka. Mmoja amesema chini chini kwamba nyama ambayo hata nzi anaikataa si ya mnyama wa kawaida. Nimesikia. Nilijifanya sikusikia.

Siku hazinisubiri. Nimewasaka sisimizi wengine kwenye ukuta wa jikoni, wakubwa, wakali, nimewamimina juu yake na kumshusha tena. Profesa anasema mdudu mwenye njaa hana siku ya kupumzika. Tutaona.

Jumatano, 18 Juni

Niandike yote kwa mpangilio.

Asubuhi kulikuwa na utulivu, hakuna hata upepo wa kutikisa nguo kambani. Nikaanza kumvuta mnandi. Kikapu kikanasa chini ya ukingo wa jiwe. Mtu mwingine angelegeza, angezungusha kamba taratibu. Mimi nikavuta. Kamba imekatika! Mnandi wangu kabaki chini na mimi na kipande cha kamba mkononi.

Nikalala kifudifudi nichungulie. Nikaingiza kichwa na mabega. Pua ikachoma, ile ya kunywa Fanta haraka ikapanda puani. Nikafikiri: Fanta? Halafu masikio yakaanza kupiga, macho yakaingia giza pembeni, nikajisukuma nyuma, nikalala chali juu ya mawe nikivuta hewa kwa mdomo wazi.

Ukutani mwa shimo, chini kidogo ya mkono unapofika, kuna mjusi. Amekufa. Ameshikilia jiwe bado.

Moto unakataa. Nzi wanakufa. Havugimana alitapika.

Mazuku.

Mimi! Mtoto wa shule, niliyekaa likizo zote Goma, ambaye shangazi yangu alinikataza kukaa mabondeni alfajiri tangu nikiwa na meno ya maziwa. Kila mtu hapa anaijua mazuku: hewa mbaya inayotoka chini ya lava, nzito, haina rangi, inajaa penye shimo kama maji yanavyojaa beseni. Mbuzi akishuka hapandi. Mwenye mbuzi akimfuata, naye hapandi. Moto ulizimika mbele ya macho yetu wote na tukalaumu makala! Kwa sababu tunapasua mawe kwa moto kila siku, na kila siku makala ni mabaya. Tumeshazoea kuwatukana wauza makala.

Ule ufa alioufungua Havugimana kwa tindo. Huko ndiko inakotokea. Na yeye angekuwa hapo chini bado, kama asingekuwa na kichwa chepesi kuuma.

Nimeketi mlangoni. Ninaogopa, na katikati ya hofu ninamfikiria mnandi. Aibu.

Ijumaa, 20 Juni

Nimefunga mshumaa katika kopo, nikaushusha mbele ya Mama Béata na Havugimana. Umeshuka ukiwaka vizuri. Ulipopita alipo mjusi, puu. Nikaupandisha, nikauwasha, nikaushusha. Pale pale, puu.

Mama Béata: upepo. Nikamwambia upepo gani, mama, tazama nguo zako. Mshumaa wa bei ya chini, basi. Mazuku iko kule Bulengo, kila mtu anajua, hapa ameishi tangu bwana wake akiwa hai na hakujakufa hata panya. Nikamwomba kuku mmoja tumshushe, aone kwa macho yake.

"Kuku yangu? Ya kutaga? Shusha weye kwanza!"

Ninamwelewa, na ndiyo inayoniudhi. Neno mazuku likitoka nje ya ukuta huu, hakuna atakayepanga hapa tena. Nyumba ndiyo mume wake sasa. Na choo kimejaa kweli. Mtoto wa mpangaji wa chumba cha mwisho anaharisha, mama yake anakimbia naye kwa jirani, na jirani ameanza kufunga mlango.

Mama Béata alipoondoka, Havugimana akabaki. Akachungulia kwa mbali.

"Dada, iyo ndege yako, inakufaa siku gani?"

"Jumatatu."

"Hapo chini tu? Miye nafunga pumzi, nashuka, nachukua, napanda. Unaanza kuhesabu, haufike mbali."

Sikusema hapana mara moja. Niandike hivyo, maana hapa hakuna wa kumdanganya. Nilimwona mnandi mezani. Niliona profesa akiinua goti lile nene kwenye mwanga. Nikaanza hata kupima: mtu mwenye mapafu mazuri, kushuka kwa ngazi, kukata waya ulionasa, kupanda... Ndipo nikasema hapana, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Akacheka, akasema mwanamke wa vitabu anaogopa shimo la choo.

Jumamosi, 21 Juni

Siku ya kuzunguka bure.

Chefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa wetu: mazuku zinazojulikana zimewekewa alama. Hii haina alama. Kwa hiyo si mazuku. Alama itawekwa lini? Ikishajulikana kuwa ni mazuku. Nimetoka kabla sijamtukana.

Papa Josias: hana mnandi mwingine. Samaki wengi siku hizi wako mbali, na ndege wamewafuata.

Daniella, mwanafunzi mwenzangu tunayetetea naye siku moja, yeye na vyura wake wamekamilika tangu mwezi jana: niazime mifupa ya kuku nipake rangi. Alikuwa anatania. Nadhani.

Profesa nilimpigia nikiwa nimejitayarisha kulia. Nikamweleza yote, mpaka mjusi. Kisha akasema: Kasoki, kuja. Na mfupa, bila mfupa, uwe mbele ya juri saa nne kamili, tutaona la kufanya. Mwenzetu wa Bukavu anarudi na boti ya mchana. Lakini kuja.

Nimeruka juu! Peke yangu, barabarani, na sashe ya nyanya mkononi. Naweza kutetea! Nitachora bega ubaoni. Nitachukua jiwe la lava na jiwe la kunolea. Mnandi abaki alipo, choo kifunikwe, nitafanya vita na Mama Béata Jumanne nikiwa na cheti.

Jumapili, 22 Juni

Misa. Sikusikia mahubiri, nilikuwa natetea kichwani.

Niliporudi, gunia la makala lilikuwa limeegemezwa ukutani. Meusi, makavu, yanalia kama chuma. Makala ya Masisi.

Havugimana anaanza kesho mapema. Mama Béata amekwisha kumpa neno na chakula. Nikamwambia mama, nakuomba kwa jina la mwanao Béata, ngoja siku moja. Akaniketisha. Akaongea polepole, ndivyo anavyoongea akiwa amekasirika kweli. Choo. Mtoto anayeharisha. Jirani. Kipindupindu kikiingia kiwanjani, huyo pengwini wangu atakuja kuosha watu? Mshumaa ulizimika, sawa, amekubali ulizimika. Mishumaa inazimika. Havugimana ni mwanaume, atashuka mwenyewe na baramina, ule mtaimbo, apanue ule ufa, kisha ndipo moto.

Mwenyewe. Na aupanue ule ufa.

Nimemfuata Havugimana nje. Amenisikiliza vizuri, hata kofia kavua. Kisha akasema yeye hana shamba tena, shamba liko upande ambao hawezi kurudi, na shimo hili ndilo shamba. Akaona sura yangu, akanipiga begani: usijali dada, kesho utafurahi.

Sikuuliza kwa nini nitafurahi. Kitenge cha kutetea kinaning'inia mlangoni, nimekipiga pasi. Kijani. Mama alikituma kwa mtu aliyezungukia Uganda.

Jumatatu, 23 Juni

Ninaandika nikiwa nimeketi juu ya shimo. Kweli kabisa. Mbao za kulifunikia ziko chini ya makalio yangu, kitenge cha kijani kimeshika vumbi, karatasi za mémoire ziko pembeni chini ya jiwe la kunolea ili zisipeperuke. Hazitapeperuka. Hakuna upepo. Ziwa linaonekana pale chini limelala kama sahani, na asubuhi ya namna hii ndiyo mazuku inajaa mpaka mdomoni.

Nilitoka kwenda kuomba choo kwa jirani kabla ya safari. Nikamkuta Havugimana ameshafika, mbao mbili ameziondoa, ngazi iko ndani, shati amelivua. Akatabasamu. Kabla ya kuanza kazi, anasema, anaenda kunitolea ndege yangu. Zawadi. Ndiyo furaha aliyoiahidi jana. Alikuwa anavuta pumzi ndefu ndefu, anajitayarisha, kama zamani pale Kituku.

Sikufikiri chochote. Nilivuta ngazi, nikarudisha mbao, nikakaa.

Mwanzoni alicheka. Sasa ameketi kwenye gunia la makala, shati mapajani. Nimemwambia yote tena. Kwamba mfupa mzito, damu nzito, nyama nyeusi iliyojaa akiba ya hewa, pengwini alivipata kwa muda ambao mtu hawezi hata kuuhesabu, na mpaka leo hajajifunza kupumua majini. Alijifunza kungoja tu. Anazama zaidi ya dakika ishirini huko kwenye barafu, na mwisho anapanda kwenye hewa ile ile ninayovuta mimi. Wewe ukinasa na kile kikapu, ukikasirika, ukivuta hata mara moja, miguu inakuachia hapo hapo. Hakuna kupanda.

Akatazama mbao. "Na ukibaki apa, kutetea?"

Nililia. Sikulia kwa uzuri, nililia kwa makamasi, mbele ya wapangaji wote.

Mama Béata amepiga kelele za kila namna. Amemtaja marehemu, amemtaja chefu, amesema nitahama leo na sufuria yangu. Nimesema sawa, nitahama, lakini nikitoka hapa yeye ndiye aketi. Akaenda ndani akigonga kila mlango.

Daniella kapiga: boti ya Bukavu imefika, juri inaingia, profesa anatazama mlango. Niko wapi?

Nikamwambia niko juu ya choo. Akasema Kasoki, haiko siku ya mchezo. Ningeweza kuelezaje?

Saa nne imepita. Niliisikia kengele ya shule. Nikashika mbao kwa mikono miwili, maana miguu ilitaka kusimama yenyewe. Nikikimbia sasa nikapata pikipiki, nafika. Na huyu hapa, akiwa na pumzi yake ndefu na moyo wake mzuri, atashuka kabla sijafika barabarani, ili nikirudi anipe ndege.

Mkojo umenibana. Mama Béata amepita, ameona ninavyokaa, amesema utaamuka tu, Kasoki, mukojo itakuamusha. Nimemwambia nitajikojolea kwenye kitenge cha mama yangu. Nilikuwa ninasema kweli, nadhani aliona.

Daniella tena. Profesa kamtanguliza yeye na vyura wake, amewaomba juri wanisubiri mpaka saa ya boti ya mchana. Sauti yake ya chini, yuko uani. Nimesema asante. Nimesema mwambie profesa mifupa iko tayari, ila iko chini.

Mama Béata ametoka. Ana kikapu, na ndani yake yuko kuku. Yule wa madoadoa, anayetaga! Kamba mpya imefungwa mpini. Hanitazami. Anamtazama Havugimana, mabega yake, shati lake. Muda mrefu.

"Sogea. Ubao moja tu," ananiambia.

"Mama, iyo njo inataga," Havugimana anasema.

"Najua kuku yangu."

Nimesogea, ubao mmoja. Baridi imepanda ikanigusa mguu. Anashusha mwenyewe, hakumpa Havugimana kamba. Kuku analalamika, anatukana njia nzima, sauti inakuwa ya ndani ndani. Amempita mjusi. Wapangaji wamekaribia, hata yule mama na mtoto wake mgongoni. Havugimana ameanza kuvaa shati, mkono mmoja, kisha amesahau mkono wa pili.

Simu inaita mapajani mwangu. Siishiki.

Kamba imelegea. Kikapu kimefika chini. Mama Béata ameinua mkono, tunyamaze, na tunasikiliza kama kuku bado analalamika.